Nimekariri madaftari matatu ya baiolojia, mbona bado nafeli?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Niko kidato cha tano. Kidato cha nne baiolojia ndiyo ilikuwa somo langu, nilipata alama ya juu kabisa. Sasa jaribio la kwanza nimepata 41, la pili 38. Nimejaza madaftari matatu, nalala usiku wa manane, hatua za usanisinuru na za upumuaji wa seli nimezikariri zote. Swali likija naliona geni kabisa. Mwalimu wangu kaniandikia pembeni "hujajibu swali" mara tatu kwenye karatasi moja. Na hesabu nazo zimeingia humuhumu. Je, nibadilishe masomo, au kuna namna ya kusoma ambayo siijui?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonishika ni yale maneno mawili ya mwalimu wako. Hakuandika "hujui". Hakuandika "si kweli". Inawezekana kabisa kwamba kila ulichokiandika kilikuwa sahihi na bado hukustahili alama. Nimesahihisha karatasi za namna hiyo kwa miaka mingi na huwa zinaniuma kuliko karatasi tupu, kwa sababu naiona kazi ya mtoto, naziona saa zake za usiku, halafu sina pa kuweka alama ya vema.

Kidato cha nne uliulizwa zaidi "taja" na "ni nini". Mtu mwenye kumbukumbu nzuri hapo anang'ara, nawe uling'ara. Huku juu unaulizwa "kwa nini" na "eleza jinsi", tena juu ya kitu usichowahi kukutana nacho. Mtungaji anachagua makusudi mnyama au mmea au ugonjwa ambao kitabu chako hakiutaji, kisha anauliza jambo ambalo kanuni yake umeisoma. Ndiyo maana swali unaliona geni. Limekusudiwa liwe geni.

Nikupe mfano mmoja tuutazame kwa karibu. Swali: *Vipande vya kiazi viliwekwa kwenye mmumunyo mzito wa sukari kwa saa moja. Eleza kwa nini vilipungua uzito na kulegea.* Alama nne.

Mwanafunzi wa kukariri ataandika hivi: "Ni kwa sababu ya osmosisi. Osmosisi ni mwendo wa maji kutoka penye potensheli kubwa ya maji kwenda penye potensheli ndogo kupitia utando unaopitisha baadhi ya vitu." Hakuna kosa hata moja hapo (potensheli ya maji ni uwezo wa maji kuhama kutoka mahali yalipo). Lakini kiazi kiko wapi? Sukari iko wapi? Kulegea kumekwenda wapi? Nitampa alama moja, pengine, na nitaandika pembeni yale maneno mawili.

Sasa sikiliza jibu hili: "Sukari iliyoyeyuka imeshusha potensheli ya maji ya mmumunyo, ikawa chini kuliko ile iliyomo ndani ya seli za kiazi. Maji yakatoka kwenye seli kwa osmosisi, yakapita kwenye utando wa seli. Kwa kuwa sehemu kubwa ya uzito wa seli ni maji, uzito ukapungua. Vakuoli ikasinyaa, ikaacha kuusukumiza utando kwenye ukuta wa seli. Msukumo uliokuwa ukiikaza seli ukaisha, kipande kikalegea."

Umeona tofauti? Jibu la pili halina ujuzi mwingi kuliko la kwanza. Wewe mwenyewe unajua kila kilichomo humo. Ila kila sentensi imeanzia pale iliyotangulia ilipoishia, na ya mwisho imefika mahali swali lilipotaka ufike.

Kiswahili kimetupa chombo kizuri sana cha kazi hii, nacho ni kile kiambishi cha *-ka-*. Maji *yaka*toka, vakuoli *ika*sinyaa, kipande *kika*legea. Ndicho bibi alichokitumia kukusimulia hadithi, nawe ukajua papo hapo akiruka kipande. Tumia sikio lilelile. Chukua mada yoyote, tafuta mhusika mmoja, awe maji, oksijeni, glukosi, ama ujumbe wa neva, kisha simulia safari yake kwa *-ka-* tangu mwanzo hadi mwisho, kitabu kikiwa kimefungwa. Hata kama mtihani wako unaandikwa kwa lugha nyingine, simulia kwanza kwa lugha unayoiota usiku. Pale ulimi utakapokwama ndipo pa kusoma. Kwingine kote unakujua tayari.

Nikutahadharishe jambo moja. *-ka-* inakuambia kipi kilifuata kipi, haikuambii kwa nini. Kwa hiyo baada ya kila tukio jiulize, kitu gani kimelisukuma? Maji hayatoki kwa sababu "yanataka" kutoka. Oksijeni haiendi kwenye misuli kwa sababu "inahitajika" huko. Sentensi za namna hiyo ndizo zinazokula alama kimyakimya. Oksijeni inaingia kwenye msuli kwa sababu msuli umeitumia iliyokuwepo, ukolezi wake ukashuka humo, na molekuli husambaa kutoka kwenye ukolezi mkubwa kwenda mdogo. Hicho ndicho kisukumio.

Nadhani mahali ambapo njia hii inaonekana vizuri kuliko pote ni ugonjwa wa selimundu. Ningekuwa na uwezo ningeanza muhula wa kwanza wa kila darasa na huo.

Katika jeni yenye maelekezo ya kutengeneza mnyororo wa beta wa himoglobini kuna mahali ambapo herufi za DNA husomeka GAG. Herufi moja, ile A, ikabadilika kuwa T. Pakawa GTG. mRNA, yaani nakala ya jeni, ikabeba GUG, na ribosomu, kiwanda cha protini, ilipofika hapo ikaweka valini badala ya asidi ya glutamiki. Ni asidi amino ya sita tu, katika mnyororo wenye 146. Hapa usipite haraka, jiulize, kuna nini kati ya hizo mbili? Asidi ya glutamiki ina chaji, inakaa vizuri na maji. Valini haina chaji na maji haiyapendi, nayo imewekwa juu ya uso wa protini, mahali penye maji pande zote. Himoglobini ikishaachia oksijeni hubadilika umbo kidogo, na badiliko hilo hufunua kishimo kisichopenda maji. Valini ya molekuli jirani ikapata pa kujichomeka. Molekuli zikashikana, zikawa nyuzi ndefu ngumu, nyuzi zikaikunja chembe nyekundu ya damu ikawa na umbo la mundu. Chembe ya kawaida ina kipenyo cha mikromita 7 hadi 8 na hujikunja kwa ulaini ikapenya kwenye kapilari nyembamba. Hii haikunjiki. Ikaziba. Tishu iliyo mbele ikakosa oksijeni, mgonjwa akapata maumivu makali. Na chembe zilizokwama hapo zikazidi kupoteza oksijeni, kwa hiyo nyingine zikajikunja. Chembe nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi. Hizi huvunjika baada ya siku 10 hadi 20, uboho haufui dafu kuzifidia, ndipo anemia inapokuja.

Endelea, hadithi haijaisha. Mwenye aleli (toleo la jeni) moja tu ya selimundu kwa kawaida haumwi. Wazazi wawili wa namna hiyo, kwa kila mimba, wana uwezekano wa robo wa kupata mtoto mwenye ugonjwa. Basi aleli inayoua watoto imedumuje vizazi vyote hivyo? Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alilifanyia kazi swali hilo Afrika Mashariki na mwaka 1954 akachapisha jibu: mwenye aleli moja anakingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali. Penye malaria watu wa aina hiyo walinusurika zaidi wakazaa zaidi, aleli ikabaki.

Sasa hesabu tumepita sura ngapi. Muundo wa DNA, usanisi wa protini, umbo la protini, usafirishaji wa oksijeni, damu na mishipa, urithi, uteuzi asilia. Kitabu chako kimezitawanya katika kurasa mia kadhaa na wewe umezikariri kila moja peke yake, kama watu wasiofahamiana. Ni ndugu. Linus Pauling na wenzake walionyesha mwaka 1949 kwamba himoglobini ya mgonjwa hutembea tofauti na ya mtu asiye na ugonjwa huo kwenye uga wa umeme, wakauita ugonjwa wa kimolekuli. Miaka michache baadaye Vernon Ingram akaionyesha ile asidi amino moja iliyobadilika. Kila nikifundisha hapo naduwaa upya. Maumivu ya mtoto kitandani, na chanzo chake herufi moja.

Turudi kwenye usanisinuru, kwa kuwa unasema hatua zake umezikariri zote. Nakuamini. Basi nijibu hili bila kufungua daftari: *mmea umekuwa kwenye mwanga, kisha taa ikazimwa ghafla huku kabonidayoksaidi ikiendelea kuwepo. Kiasi cha RuBP (sukari ya kaboni 5 inayopokea kabonidayoksaidi) na cha GP (zao la kaboni 3 la muungano huo) kitabadilikaje?*

Kama umekwama, si kwa sababu hujasoma. Umeikariri duara ile ya hatua (mzunguko wa Calvin) kama picha, na picha haisogei. Isogeze. Taa ikizimwa, ATP na NADPH, zile zinazobeba nishati iliyotoka kwenye mwanga, zinaacha kutengenezwa. GP inazihitaji zote mbili ili igeuke triosi fosfeti (sukari ya kaboni 3), kwa hiyo haigeuki, inarundikana. Wakati huohuo RuBP iliyokuwepo bado inaungana na kabonidayoksaidi kwa muda, maana kimeng'enya rubisko hakihitaji mwanga ili kuunganisha, lakini RuBP mpya haitengenezwi. GP inapanda, RuBP inashuka. Ukitaka kuwa na uhakika kwamba umeelewa, geuza swali: mwanga upo, kabonidayoksaidi imeondolewa. Sitakujibu hilo.

Na hapa pana kitu kinachopunguza sana mzigo wa kukariri, nacho ni kuhesabu kaboni. RuBP ina kaboni 5. Ongeza kabonidayoksaidi 1, zikawa 6, zikagawanyika GP mbili za kaboni 3. Zungusha mara sita: RuBP 6 zina kaboni 30, kabonidayoksaidi 6 zina kaboni 6, jumla 36, ambazo ni GP 12. Zikageuka triosi fosfeti 12. Kati ya hizo, 10 zina kaboni 30, zinarudi kutengeneza RuBP 6 zilezile tulizoanza nazo. Zinabaki mbili, kaboni 6, ndizo sukari moja. Hakuna kaboni iliyopotea wala iliyozuka. Ukiijua hesabu hii, ukasahau namba moja usiku wa kuamkia mtihani, utaitafuta mwenyewe na utaipata. Fanya hivyohivyo kwa glukosi ndani ya upumuaji wa seli: kaboni 6 zinaingia, kabonidayoksaidi 6 zinatoka. Zifuate moja moja, mbili zitoke kwenye hatua ya kuunganisha, nne kwenye mzunguko wa Krebs.

Kuhusu yale madaftari matatu. Usiyatupe, ila usiandike la nne. Kunakili kunachosha mkono, na mkono ukichoka moyo unaamini umesoma. Kurudia kusoma nako kunaleta hisia hiyohiyo: ukurasa unauzoea, unadhani unaujua. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke walilipima jambo hili mwaka 2006. Waliosoma matini na kuirudia walifanya vizuri zaidi walipopimwa baada ya dakika 5. Baada ya wiki moja mambo yakageuka, waliosoma kisha wakajipima kwa kuikumbuka bila kuitazama wakawa mbele. Mtihani wako haufanyiki baada ya dakika 5.

Kwa hiyo chukua karatasi tupu, andika juu yake mhusika na safari yake, kwa mfano "oksijeni, kutoka kwenye kifuko cha pafu hadi kwenye mitokondria", funga kila kitu, simulia kwa maandishi na michoro. Ukimaliza fungua kitabu, shika kalamu ya rangi nyingine, jaza ulichoruka. Ile rangi nyingine ndiyo somo lako la kesho. Baada ya siku tatu rudia karatasi hiyohiyo, halafu baada ya wiki mbili. Lala mapema. Nusu saa ya namna hii ina faida kuliko usiku mzima wa kunakili, ingawa nakuambia mapema kwamba itakuumiza zaidi, kwa sababu utaona wazi usichokijua.

Yapo ya kukariri, siwezi kukudanganya. Majina ni mengi, na fasili fulani lazima zikae kichwani kama zilivyo. Ila hata majina mengi yamejengwa kwa vipande vya Kigiriki vinavyojirudia. *Lisisi* ni kuvunja au kuachanisha: hidrolisisi ni kuvunja kwa maji, fotolisisi kwa mwanga, glikolisisi ni kuivunja sukari. Vipande thelathini hivi vinakufungulia mamia ya majina.

Kisha zitazame amri za maswali. Ukiambiwa "elezea grafu", sema inavyokwenda, inapanda kutoka wapi hadi wapi, inalala wapi, ukitaja namba zilizo kwenye mihimili pamoja na vipimo vyake. Sababu hazina alama hapo. Ukiambiwa "eleza sababu", maumbo ya grafu hayana alama, sababu ndizo zenye alama. Ukiambiwa "linganisha", kila sentensi itaje pande zote mbili. Nahisi angalau moja ya zile "hujajibu swali" tatu imetoka hapa.

Hesabu zisikutishe. Za baiolojia si ngumu, kinachoangusha watu ni vipimo na maana. Picha ya hadubini inaonyesha chembe nyekundu yenye upana wa milimita 35, upana wake halisi ni mikromita 7, ukuzaji ni mara ngapi? Badili kwanza vyote viwe mikromita: 35,000 gawanya kwa 7, ni mara 5,000. Anayegawanya 35 kwa 7 anapata 5, anaandika, anaendelea mbele bila kujiuliza kama ukuzaji wa mara 5 ungemwonyesha chembe hiyo kwa upana huo.

Ile kai-skwea, kipimo cha takwimu wanachokiogopa wengi, nayo ina swali moja tu ndani yake: tofauti hii ninayoiona inaweza kuwa bahati tu? Mendel alipata mimea 705 ya njegere yenye maua ya zambarau na 224 yenye maua meupe. Jumla 929. Kama uwiano ni 3 kwa 1 tungetarajia 696.75 na 232.25. Tofauti ni 8.25 kila upande. Ipige mraba, igawe kwa kilichotarajiwa, jumlisha pande mbili: unapata takriban 0.39. Kwa makundi mawili mpaka ni 3.84, kwenye kiwango cha asilimia 5. 0.39 iko chini sana, kwa hiyo bahati inatosha kuielezea tofauti ile na hatuna sababu ya kuukataa uwiano wa 3 kwa 1. Alama nyingi ziko kwenye hiyo sentensi ya mwisho, nayo ndiyo watoto wanayoisahau wakishafurahi kuipata namba. Na usiandike kwamba umethibitisha uwiano. Hujaukataa tu.

Sasa kubadilisha masomo. Mwanangu, ile 38 imepima njia uliyotumia, haijakupima wewe, na njia hiyo ndiyo kwanza umegundua kwamba haifai. Mpe baiolojia muhula mmoja wa kusoma kwa namna nyingine. Mwisho wa muhula usiangalie alama peke yake. Angalia kama unapofunga kitabu na kusimulia unapata hamu ya kujua kinachofuata. Ukiona huna hamu hiyo kabisa, badilisha, wala usione haya, yapo masomo mengine mazuri. Lakini mtoto aliyejaza madaftari matatu kwa mkono wake, nadhani hamu anayo.

Anza na karatasi ile ya 38. Chukua yale maswali matatu yenye maneno mawili pembeni, yaandike majibu upya kwa *-ka-*, daftari likiwa limefungwa, ukijiuliza kisukumio kila hatua. Kisha usiniletee mimi. Mpelekee mwalimu wako, mwombe ayasahihishe tena kwa kalamu ileile.